Ukurasa wa Teigen

Jumatatu, 18 Septemba

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Naamini kuna mtu kazini anayeuharibu ukurasa wangu kwa makusudi. Nikilisema kwa sauti litaonekana la kitoto, ndiyo maana naliandika hapa.

Nilimaliza shule mwezi wa sita. Wenzangu wamekwenda miji ya Bergen na Trondheim kusoma. Mimi nimebaki hapa Raudalen, kwa sababu nikisimama mbele ya watu wengi ulimi wangu unaganda. Oddveig alinichukua kwa majaribio katika ofisi yake ya kupanga kurasa, chumba kimoja nyuma ya maktaba. Tunapanga kitabu cha mashamba, juzuu ya nne: kila shamba la bonde letu, nani alilimiliki, alimwoa nani, walizaa watoto gani. Juzuu tatu za kwanza zimo katika kila nyumba, kando ya Biblia, na hufunguliwa mara nyingi kuliko Biblia. Oddveig aliniambia siku ya kwanza kwamba kitabu kikitoka bila aibu kabla ya Krismasi, nitaajiriwa. Kikitoka na aibu, hakutakuwa na haja ya kuelezana.

Aibu kwake ni mistari isiyolingana. Nafasi kati ya mistari ikipanuka ukurasa huu na kubana ukurasa wa pili, yeye huumia kama mtu anayesikia kinanda kisicho sawa. Kila ukurasa wa familia una picha ya shamba juu, na chini ya picha kuna sanduku la maandishi lililoamriwa kujaa hadi chini kabisa, ili kurasa zote ziishie mahali pamoja kama pindo la gauni. Ijumaa niliuacha ukurasa wa shamba la Teigen umekaa vizuri. Leo asubuhi mistari yake imeachana. Si sana, lakini mimi naiona.

Oddveig aliutazama, kisha akanitazama mimi. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 19 Septemba

Mvua. Nilitafuta kosa tangu asubuhi. Mara nyingi mkosaji ni nafasi tupu iliyobandikwa kutoka katika barua pepe ya mwalimu Asbjørn, mwandishi wa kitabu. Yeye huandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake, na nafasi moja tupu ikibaki na ukubwa ule, haionekani, lakini inausukuma mstari wake mbali na wenzake. Nilizipitia nafasi zote za ukurasa wa Teigen. Zote zilikuwa za ukubwa uleule. Na mistari yote imeachana kwa kiasi kilekile, si mmoja tu.

Nikakata tamaa, nikaiondoa amri ya kujaza, nikaipa mistari kipimo cha kawaida. Ikakaa vizuri, lakini chini pakabaki peupe. Oddveig akasema pindo limekatika. Akairudisha amri yeye mwenyewe.

Alhamisi, 21 Septemba

Ukurasa uko sawa. Pindo sawa, mistari sawa. Sikuugusa.

Jumatatu, 25 Septemba

Umeachana tena.

Jumatano, 27 Septemba

Leo mwalimu Asbjørn alikuja na mkebe wa vafli, keki bapa za vishimo alizopika mkewe. Alikuwa mwalimu mkuu hapa, akamfundisha baba yangu, na bado huingia mahali kama anayekuja kukagua kucha. Alikaa kwenye kiti cha Oddveig bila kuomba. Oddveig akasimama kando yake na kikombe cha kahawa, akamwambia kwamba wazee wengine hupewa viti kwa heshima na wengine huviiba. Mwalimu akajibu kwamba yeye ameandika kitabu kizima na hajalipwa hata kiti. Wanapendana hivyo, kwa kuchomana.

Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeinama karibu na skrini.

“Binti, bado unatafuta chawa?”

Nikasema ndiyo, mwalimu. Akacheka. Halafu akauliza, akiwa amekwisha vaa koti, kana kwamba ni jambo limemjia tu: “Teigen ipo kama nilivyoiandika?”

Oddveig akasema kurasa zote zipo. Mimi niliinua macho. Kati ya mashamba yote ya bonde, kwa nini aulizie Teigen?

Mwalimu ana ufunguo wa ofisi yetu, kwa sababu makabrasha yake yamo kabatini kwetu. Na neno la siri la kompyuta limeandikwa kwenye karatasi ya njano iliyobandikwa pembeni mwa skrini. Hata mtoto angeingia.

Ijumaa, 29 Septemba

Niliing’oa karatasi ya njano. Oddveig akabandika nyingine.

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua inanyesha kama iliyolipwa. Mto umepanda hadi kwenye uzio wa uwanja wa mpira.

Nimeanza kuwachunguza watu kwa pembe ya jicho. Sipendi nilivyo. Mwalimu akikohoa najiuliza kwa nini amekohoa. Leo alikaa mwenyewe ofisini mchana, Oddveig alipokwenda posta na mimi nilipokwenda kununua mkate na jibini ya kahawia. Niliporudi alikuwa dirishani, mikono nyuma, ameyakazia macho maji. Kompyuta ilikuwa imezimika. Nikagusa mgongo wake, wa kompyuta, kuona kama una joto. Ulikuwa baridi. Hata hivyo sikuridhika.

Ukurasa: sawa.

Jumatano, 4 Oktoba

Umeachana.

Ijumaa, 6 Oktoba

Leo Oddveig alinionyesha tena namna ya kutazama. Ananifundisha hivi tangu mwanzo: unachapa ukurasa, unaugeuza juu chini, unakunja macho mpaka maneno yapotee na ubaki na kijivu tu. Kijivu kikiwa kimoja ukurasa mzima, mistari iko sawa. Penye mwanga zaidi pana pengo.

“Sisi hatusomi,” husema. “Anayesoma anaanza kuhurumia maneno, na akishayahurumia haoni tena mistari.”

Nami sijasoma. Nimepanga zaidi ya nusu ya mashamba ya bonde letu na siwezi kukuambia habari za hata moja. Nimeyaona yote miguu juu.

Baadaye, akiosha vikombe, alisema bila kunigeukia kwamba ukurasa wa Teigen unamchosha. Akasema labda kazi hii haimfai kila mtu. Maji yalikuwa yanatiririka, sikuweza kujua kama anasema mimi au anajisema mwenyewe.

Usingizi hauji vizuri. Ninawaza hivi: Oddveig amezaliwa Teigen. Mama yake, mzee Gudrid, yuko nyumba ya wazee kule ng’ambo ya daraja na kila Jumapili anauliza kitabu kitatoka lini. Kama kuna ukurasa ambao Oddveig angependa uwe safi kuliko yote, ni huo. Basi anayeuharibu anataka kumwumiza yeye kupitia kwangu. Au, na hili ndilo ninaloliogopa, ni yeye mwenyewe anayeuharibu, ili apate sababu ya kuniambia niende bila kusema kwamba hanipendi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Hakuna kitu. Umeme ulikatika, tukaenda nyumbani mapema.

Alhamisi, 12 Oktoba

Leo nimefanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya wiki tatu zilizopita.

Tangu Jumatatu nimekuwa nikichapa ukurasa wa Teigen kila asubuhi na kuuficha katika mfuko wa koti. Jana ulikuwa sawa, leo umeachana. Oddveig alipotoka nikaziweka karatasi mbili dirishani, moja juu ya nyingine, mwanga ukapita. Picha ya shamba ililala juu ya picha. Mstari wa kwanza juu ya wa kwanza. Kisha wa leo ukaanza kuteremka kidogo, unaofuata zaidi kidogo, hadi mistari ya chini ikawa haikutani kabisa. Na pale chini, karatasi ya leo ilikuwa na mistari miwili pungufu.

Nilijihisi mjinga. Hakuna aliyegusa nafasi za mistari. Mtu anaondoa maneno, na sanduku, kwa sababu limeamriwa kujaa hadi chini, linaichukua mistari iliyobaki na kuitawanya izibe pengo. Maneno yakirudishwa, mistari inasogeleana tena.

Basi nikaugeuza ukurasa kichwa juu na kusoma, kwa mara ya kwanza.

Watoto wa Gudrid na Nils Teigen. Karatasi ya leo ina sita, kama kila mtu ajuavyo, Oddveig akiwa wa mwisho. Karatasi ya jana ina saba. Wa saba ni Eldrid. Alizaliwa miaka mitatu baada ya Oddveig. Alipelekwa katika taasisi ya wasiojiweza huko mashariki akiwa na miaka minne. Alifia huko akiwa na miaka kumi na tisa. Mistari miwili.

Jioni nilimwuliza baba yangu watoto wa Teigen walikuwa wangapi. Akasema sita. Akauliza kwa nini. Nikasema hivi tu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Theluji ya kwanza juu mlimani. Huku chini bado mvua.

Nimepanga mashtaka kichwani. Ni mwalimu. Amezua mtoto, au ameokota uvumi wa zamani, anamtia na kumtoa akipima kama Oddveig ataona. Ndiyo maana aliulizia Teigen. Mtu anayecheza na jina la nyumba ya mwenzake hivyo, huku akimletea vafli!

Nitamwambia Oddveig Jumatatu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Sikumwambia. Nilifungua mdomo, akaniuliza kama nina mafua.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mwalimu alileta masahihisho ya mwisho. Nilijilazimisha kumfuata hadi nje, kwenye ngazi, na kumwuliza anapata wapi majina ya watoto. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya panya. Alifungua mwavuli na kuushika juu yangu, yeye akalowa.

Akasema majina yote anayatoa katika vitabu vya ubatizo vya kanisa, na hakuna jina analoandika ambalo hakuliona kwa macho yake likiwa na maji juu yake. Halafu akasema: “Kuna jina moja nilimwuliza mwenyewe kabla ya kuliandika. Akasema niandike. Baada ya hapo si kazi yangu tena, binti yangu. Wala si yako.”

Basi Eldrid alikuwapo. Na mwalimu anajua kwamba anaondolewa na kurudi. Na kama si yeye, tumebaki wawili tunaoufungua ukurasa ule, na mimi sijaugusa.

Jumanne, 24 Oktoba

Nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Oddveig alinituma maandazi ya nazi kwa mwokaji. Yalikuwa yameisha, nikarudi mapema. Mlango wetu una kioo. Alikuwa amenipa mgongo, na kwenye skrini niliiona picha ya Teigen. Alikuwa amepaka alama mistari miwili ya chini. Akaifuta. Mistari yote ikaachana kwa pamoja, kama watu wanaosogea kwenye benchi mwenzao akiinuka. Akakaa anaitazama. Akairudisha. Ikasogeleana. Akaifuta tena. Nikasimama pale na mvua ikinishuka shingoni, nikawaza: ni yeye, siku zote ni yeye, ananitega. Nilikuwa na hasira kuliko nilivyowahi kuwa, nikausukuma mlango.

Hakushtuka. Alisema nifunge mlango kwanza, baridi inaingia.

Nilisema mambo yote kwa pumzi moja. Kwamba nimekuwa nikichapa ukurasa kila asubuhi. Kwamba nimemshuku mwalimu. Kwamba nilidhani anautibua ukurasa ili apate sababu ya kunifukuza. Hapo akageuza kiti.

“Nikufukuze? Nani ataniletea maandazi?”

“Yameisha,” nikasema.

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia. Akanionyesha kiti.

Mengi ya aliyonieleza aliyasema akitazama skrini. Eldrid hakuwahi kutembea wala kusema. Oddveig ndiye aliyemlisha, kwa sababu wakubwa walikuwa shambani. Alikuwa na miaka saba, akimwekea kichwa kwenye mkono na kumtilia uji kwa kijiko cha mbao. Siku moja ya Oktoba gari likaja. Mama yao alimvalisha kofia mpya. Baada ya gari kuondoka, mama aliwakusanya jikoni akawaambia hawatamtaja tena, kwa sababu akitajwa yeye hataweza kuamka asubuhi kukamua ng’ombe. Hawakumtaja. Kaka zake walikufa bila kumtaja. Miaka sitini.

“Sanduku halijui nani ameondoka,” alisema. “Linajua kujaza tu. Na sisi mezani tulikuwa hivyohivyo. Siku chache za kwanza tulikaa tumebanana, tumemwachia nafasi. Halafu viwiko vikatanuka.”

Mwalimu alipomwuliza, alijibu aandike. Lakini mama yake bado yu hai, ana lenzi yake kubwa, na atausoma ukurasa huo kwanza kabla ya mwingine wowote. Jina likiwapo, Oddveig atakuwa amevunja neno aliloshika tangu utotoni, na kumvunja bibi wa miaka tisini na nne. Jina lisipokuwapo, safari hii atakuwa yeye aliyelileta gari. Anamtoa, anaenda nyumbani, hapati usingizi, anamrudisha. Akimrudisha, Jumapili anamwona mama yake akipangusa lenzi kwa pindo la sweta.

Nikatengeneza kahawa.

Jumatano, 25 Oktoba

Yupo.

Alhamisi, 26 Oktoba

Hayupo.

Jumatatu, 30 Oktoba

Yupo. Theluji imefika hadi paa la kanisa.

Ajabu, sasa nikifungua kompyuta asubuhi siangalii mistari kwanza. Namwangalia yeye. Halafu namwangalia Oddveig avuapo viatu mlangoni, na kabla hajasema neno najua alilala vipi. Wiki zote zile nilidhani ananitazama mimi. Alikuwa hanioni hata kidogo.

Bado namshuku, lakini kwa namna nyingine. Nashuku kwamba atachagua kumtoa, na kwamba ataniachia mimi kazi ya kuifanya mistari isionyeshe.

Ijumaa, 3 Novemba

Leo kitabu kilipaswa kutumwa kiwandani kabla ya saa nane. Wasipokipata leo, hakitachapwa kabla ya Krismasi.

Asubuhi yote alikuwa kwenye ukurasa ule. Mimi nilipanga faili nyingine na kujifanya sisikii vidole vyake. Karibu na saa sita simu ikalia. Nyumba ya wazee. Mzee Gudrid ana homa na anamtaka bintiye. Oddveig aliinuka, akavaa koti, akaingiza mkono mmoja na kuusahau mwingine.

“Uuweke sawa ukurasa wa Teigen, kisha utume kitabu. Sitaki kuuona tena.”

Nikauliza uko vipi sasa. Alikuwa amekwisha fungua mlango.

“Uko kama ulivyo. Mimi hata sijui tena mkono wangu uliishia wapi.”

Akaenda. Nikakaa kwenye kiti chake, kiti ambacho mwalimu tu huthubutu kukikalia. Nikaufungua ukurasa. Mistari ilikuwa imeachana. Hayupo.

Nilijua njia. Nusu yake niliifanya Septemba: ondoa amri ya kujaza, ipe mistari kipimo cha kawaida, kisha uikuze picha kidogo hadi pindo lishuke mahali pake. Hakuna jicho katika bonde hili ambalo lingegundua. Wala la Oddveig. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo kazi niliyochukuliwa kuifanya.

Nikaikuza picha. Shamba likawa kubwa, ghala, ngazi ya mawe, na mistari sita ya watoto chini yake ikanyooka vizuri kabisa. Nikautazama juu chini, nikakunja macho. Kijivu kimoja safi. Nikaogopa. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote niliyopanga, nami nikajua kwamba kitu hiki nitakiweza maisha yangu yote, kuwafanya watu wasionekane kwamba wameondoka.

Nikairudisha picha ilivyokuwa. Nikabonyeza kurudi nyuma, tena na tena, nikizirudia hatua zake za asubuhi, mpaka mistari miwili ikajitokeza chini. Ile ya juu ikapanda kidogo kuipisha. Sikuhitaji kugusa kitu kingine. Ilikaa sawa yenyewe.

Nikatuma.

Sikufikiri juu ya kazi. Namfikiria bibi mwenye homa na lenzi. Akifa, nitakuwa nimemwua mimi.

Jumamosi, 4 Novemba

Homa imeshuka. Oddveig alituma ujumbe: “Umetuma?” Nikajibu ndiyo. Hakuuliza kingine.

Jumanne, 14 Novemba

Tunapanga tangazo la soko la Krismasi. Mistari minne. Naichunguza kama mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka.

Jumatatu, 20 Novemba

Alinitazama kwa muda mrefu wakati wa chakula. Anajua? Kisha akasema nina kipande cha kabichi kidevuni.

Jumanne, 28 Novemba

Vitabu vimefika. Lori lilishindwa kupanda kwa sababu ya barafu, mwalimu Asbjørn akaja na toroli la kuteleza kwenye theluji la mjukuu wake, tukayavuta maboksi sisi watatu. Alikuwa anaimba. Oddveig alimwambia kwamba sauti hiyo ndiyo iliyowafukuza kondoo wa bonde hili.

Ndani, alikata boksi la kwanza kwa kisu cha mkate. Mwalimu alikuwa nje bado. Oddveig hakukinusa kitabu kama alivyosema hufanya. Alikifungua palepale, kana kwamba kilikuwa na alama. Mimi nilijitia kukunja kamba.

Alisoma. Kisha akaketi juu ya boksi.

“Basi sikumtoa,” alisema.

Halikuwa swali. Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalibana kwa meno.

“Nilidhani nimemtoa. Nilikwenda njia nzima hadi kwa mama nikijua nimemtoa, nikatapika kando ya daraja.” Alipitisha kidole kwenye ukurasa. “Mkono ulikataa.”

Aliurudia ukurasa mara nyingine. Halafu akaugeuza juu chini, akakunja macho.

“Mistari imekaa vizuri, Ingjerd.”

Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina bila kuniagiza kitu.

Alhamisi, 30 Novemba

Alimpelekea mama yake kitabu jana. Sikuthubutu kuuliza. Alinieleza mwenyewe leo, akiwa amesimama na mkono kwenye radiata, chuma cha kupashia chumba joto.

Mzee Gudrid alikiweka kitabu mapajani, akatoa lenzi. Alisoma majina ya watoto wake kwa sauti, kidole juu ya kila mmoja. Alipofika la sita hakusimama. Akasoma la saba. Akakaa hivyo, kidole pale, kwa muda mrefu hivi kwamba mhudumu aliingia, akawaona, akatoka. Kisha akauliza nani amemwandika.

Oddveig akasema, “Mimi.”

“Umechelewa,” mama yake akasema.

Halafu akaushika mkono wake, na hakuuachia hata kahawa ilipoletwa. Akaanza kusema. Kwamba Eldrid alikuwa na nywele za kujisokota. Kwamba alipenda sauti ya mashine ya kukamulia. Kwamba yeye mwenyewe aliwahi kumwendea, mara moja tu, kwa treni, bila kumwambia mtu, na Eldrid akamtambua. Oddveig hakujua hilo. Hakuna aliyejua.

Jumapili wanataka kuandika barua kwa ile taasisi, waulize kaburi liko wapi.

Oddveig alinipa ufunguo wa ofisi. Akasema nisiupoteze, funguo ni ghali kuliko mishahara.

Jumapili, 3 Desemba

Uzinduzi katika ukumbi wa kijiji. Mishumaa, keki, watu wengi kupita kiasi. Nilisimama nyuma ya meza ya makoti. Watu walifungua kila mmoja ukurasa wake. Wengine walikwenda moja kwa moja Teigen. Niliona vichwa vikiinama pamoja, midomo ikikaribia masikio. Nikawatazama kwa ukali, nikingoja mmoja acheke. Baba yangu alisoma, akafunga kitabu, akanijia katikati ya makoti. “Uliniuliza,” alisema. Nikasema ndiyo.

Mzee Gudrid alikuwa mbele kwenye kiti cha magurudumu. Mtu akamwuliza alikuwa na watoto wangapi kwa jumla, na yeye akajibu kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, ukumbi mzima ukasikia: saba.

Mwalimu alipita karibu nami na sahani ya keki. Akasema taratibu kwamba yeye huhesabu mistari pia, pengine kuliko wanavyodhani watu. Akaniwekea kipande kikubwa, akaenda. Sijui alimaanisha nini. Sitamwuliza.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimelala na kuamka nikiliwaza jambo moja. Kuna wakati nadhani Oddveig anajua. Alivyolitamka jina langu, na ule ufunguo. Labda amenifungulia mlango ili nami nimfungulie wake, tupite bila kutazamana. Na kuna wakati naamini hajui kabisa, na anatembea wepesi namna hii kwa sababu anaamini kwamba ilipofika saa ya mwisho, mkono wake mwenyewe haukumwachia Eldrid. Mama yake aliuliza nani, naye akasema mimi. Neno hilo ni lake sasa. Siwezi kulirudisha nyuma kwa kubonyeza.

Wewe unayeshika daftari hili, sikujui na sikuamini. Lakini umekwisha kusoma. Ukimkuta Oddveig, mwambie mistari ya kitabu imekaa vizuri, ukitaka. Hili lingine usimwambie, wala usilidokeze kwa macho. Mwache aamini ni mkono wake.